Tyubu Nne na Yungiyungi Moja

Kosa lenyewe lilikuwa la beseni, na Mzee Kiraka hakuwahi kulikana. Alikuwa ameshafunga kibanda chake cha kuziba pancha, amerudisha ufunguo kwa mwenye kiwanja, amekuja nyumbani kupumzika. Kupumzika kukamshinda siku ya tatu. Siku ya nne jirani alipita akikokota baiskeli yenye gurudumu lililolala bila upepo, na Kiraka akamwita aingie uani kabla hata hajaombwa.

Sasa fundi pancha bila beseni la maji atafanya nini? Tyubu hutiwa upepo, huzamishwa kipande kwa kipande, na pale mapovu yanapopanda ndipo penye tundu. Kiraka akaangaza macho, akaona mabeseni mawili yamejaa maji chini ya dirisha la jikoni, kila moja lina majani matatu manne yanayoelea. Akayasogeza majani ya beseni moja kando kwa kiganja, akanyunyiza sabuni ya unga ili mapovu yaonekane vizuri, akazamisha tyubu. Tundu likapatikana, jirani akaondoka akipiga kengele kwa furaha, na lile yungiyungi la watu likafa baada ya siku sita.

Yalikuwa mayungiyungi ya mkewe. Mdogo wake wa kike alimletea mashina mawili yamefungwa kwenye gazeti bichi, ameyang'oa kwenye bwawa la nyumba waliyolelewa, akamwambia moja lako na jingine la kukupa kazi. Mwaka uliofuata huyo mdogo wake akafariki. Kwa hiyo mtu aelewe ni nini Kiraka alichokitilia sabuni.

Mkewe aliitwa Mama Posta mtaa mzima, kwa kuwa alikaa dirishani posta miaka thelathini na sauti yake haikupanda hata siku moja, hata kwa wateja waliokuja na stempu zilizokwisha kutumika. Hakuipandisha na siku hiyo pia. Alimwaga yale maji, akalisugua beseni, akalikausha, akalipandisha juu ya kabati kifudifudi. Beseni lililobaki na yungiyungi lake akalihamishia chumbani, upande wake wa kitanda, karibu na dirisha. Kiraka angetoa chochote asemwe tu, achambwe, aambiwe mzee mzima huna akili, yaishe. Badala yake, kila asubuhi ilimbidi alizunguke beseni ndipo avifikie viatu vyake.

Alivumilia hivyo wiki moja, kisha akapiga moyo konde.

"Mama," alisema, "nitakuchimbia bwawa."

Mama Posta alikuwa anakunja mashuka. Alimaliza kukunja lile aliloshika.

"Bwawa la kuvuja?"

"La kutovuja."

"Haya," akasema, na akachukua shuka jingine.

Kwa anayemjua Mama Posta, hiyo "haya" ilikuwa mkataba. Lakini ilikuwa na masharti yake, na masharti hayo aliyaona Kiraka mwenyewe alipoinama juu ya beseni. Majani mapya yalikuwa yakitoka madogo, kama vifungo vya koti. Shina la chini, nene kama kiazi, lilikuwa limesukuma ukuta wa beseni mpaka likajipinda, na mkewe alipolibonyeza kwa kidole gumba ncha moja ilibonyea. Alisema litavumilia wiki tatu, nne likijitahidi. Baada ya hapo ni kuoza, na likioza hakuna mahali pa kwenda kutafuta jingine, maana ile nyumba iliuzwa na lile bwawa likafukiwa.

Kiraka akachimba. Pahali palikuwepo: ile kona ya bustani ambayo kwa miaka thelathini na minane ilirundikwa tyubu za lori, nyeusi tii, zikinuka mpira juani, na ambayo Mama Posta aliidai siku ile ile kibanda kilipofungwa. Tyubu zote zilikuwa zimeuzwa au kutupwa, isipokuwa chache zilizojificha stoo kwa msaada wa mwenyewe. Shimo lilikuwa na urefu wa mtu aliyelala, upana wa hatua moja na kitu, kina cha goti. Alilimwagia ndoo kumi kujaribu. Hajamaliza kufuta jasho usoni, udongo ukawa umeshakunywa zote.

Basi likaja swali la kitu cha kutandika, na hapo ndipo Kiraka alipogundua kwamba kila binadamu ana maoni kuhusu bwawa ambalo si lake.

Wa kwanza alikuwa jirani yao mwashi, ambaye kwake hakuna jambo chini ya jua lisilotibika kwa saruji. Alikuja na futi yake mfukoni, akalizunguka shimo mara mbili, akasema hiyo kazi ni ya siku mbili: waya, zege, plasta, niru ya saruji juu, na wajukuu watalirithi. Kiraka akakiri kwamba ni kweli litadumu. Ila mwashi alikuwa mtu mkweli, na alipobanwa na Mama Posta alikubali kwamba zege jipya hutema chokaa kwenye maji, na maji ya chokaa ni makali kwa mimea. Inabidi lijazwe, limwagwe, lijazwe tena, mwezi mzima au zaidi. Pia akautupia jicho mpera uliosimama hatua nne kutoka pale, na Mama Posta akauliza kama mizizi ya mpera huwa inaheshimu zege. Mwashi akasema inategemea mpera.

Wakaenda duka la vifaa vya ujenzi, wote wawili, wamevaa vizuri. Mwenye duka, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, aliwatandazia nailoni juu ya kaunta. Ile nyembamba Kiraka aliivuta kidogo kwa vidole viwili ikatoa sauti aliyoijua, ya kitu kinachotaka kupasuka, akairudisha. Ile nene ilikuwa afadhali, lakini mwenye duka mwenyewe aliwaambia jua likiipiga mwaka mmoja inakatika kama biskuti, na hawezi kumdanganya mteja wa rika lake. Kulikuwa na turubai la bluu, zito, limesukwa vizuri. Mama Posta alilitazama muda mrefu, akasema hataki yungiyungi la mdogo wake likae ndani ya kitu kinachofanana na banda la mkutano. Kuna mpira maalumu wa mabwawa, mwenye duka akasema, mweusi, laini, hudumu miaka ishirini. Huo huagizwa, na ukiagizwa leo utafika baada ya wiki sita Mungu akipenda.

Mpira mweusi. Kiraka alirudi nyumbani hatua zake zimekuwa nyepesi ghafla, na mkewe, aliyekaa naye miaka yote hiyo, alijua kinachokuja kabla hawajafika getini.

"Hapana," alisema.

"Sijasema kitu."

"Unataka kuniletea tyubu bustanini."

Kiraka akajitetea kwa heshima zote. Tyubu ya lori ni mpira ule ule, ila umeshafanya kazi na kujulikana tabia. Jua haulijali. Mizizi ikiusukuma, unanyooka. Maji haubadilishi ladha wala harufu ukishasuguliwa. Anazo nne nzima nzima stoo, akizipasua na kuziunganisha zinatosha shimo lote na ziada ya pindo. Mama Posta akamwuliza stoo zimefikaje. Kiraka akajitia hamnazo, akaendelea na habari ya mpira.

Mwishowe mkewe akasema maneno machache. Kwamba ameishi na tyubu uani miaka thelathini na minane, nguo zake zikianikwa zinanuka gundi, na kona hiyo ameipata juzi tu. Lakini wiki sita hawana. Basi afanye, kwa sharti moja: bwawa likae na maji siku saba, yeye atapiga alama, na maji yakishuka kuliko yanavyoshuka ndani ya ndoo iliyowekwa pembeni, mwashi ataitwa na Kiraka hatatia neno. Kiraka alikubali haraka kupita kiasi.

Hizo siku nne zilizofuata alifanya kazi kama kijana aliyeahidiwa mchumba. Alipasua tyubu kwa kisu alichokinoa mpaka kikanyoa nywele za mkono. Alizisugua ile poda ya ndani kwa brashi na maji mengi. Akalaza vipande vinne sambamba kwenye sakafu ya stoo, kingo zikipandana upana wa kiganja, akazipiga msasa mpaka mpira ukawa kijivu, akapaka gundi, akasubiri ikauke mpaka ishike kidole bila kukivuta, akabandika na kukanyagiakanyagia kwa kisigino. Hakuna atakayesema Kiraka hajui kuunga mpira. Yale matundu manne ya midomo ya upepo aliyaziba kwa viraka vipya vya mviringo, mahali pale pale anapoweka viraka siku zote: upande wa nje wa tyubu, pamoja na viraka vyote vya zamani, maana tyubu zile zilikuwa zimetembea barabara nyingi.

Hapo palikuwa na jambo moja alilolifikiria peke yake na hakumwambia mtu. Upande wa nje ulikuwa na viraka kama kumi na tisa. Ulikuwa mbaya, mwenyewe aliona. Upande wa ndani ulikuwa safi, mweusi mmoja, laini kama kiatu kipya. Akaamua upande wa ndani ndio utazame juu, na viraka vielekee ardhini, visionekane. Mkewe ametaka bustani, asitazamishwe kibanda. Alitandika mchanga laini shimoni, juu yake magunia ya zamani, juu yake mpira wake, akaubana kingo kwa mawe, akajaza maji. Likatulia. Mwashi alichungulia juu ya ukuta akasema, jirani, umetengeneza karai kubwa kuliko yote mtaani. Lakini alilitazama muda mrefu kuliko utani ulivyohitaji.

Mama Posta akaja na kijiti na penseli. Akakisimika ndani ya maji, akapiga mstari, akaweka ndoo ya maji pembeni na mstari wake pia, akarudi ndani. Posta haikumfundisha kumwamini mtu kwa maneno.

Siku ya pili maji ya ndoo yalikuwa yameshuka upana wa kucha. Ya bwawa yalishuka vidole viwili. Siku ya tatu vinne.

Kiraka hakulala chali wala ubavu. Mtu aliyetafuta matundu maisha yake yote, akayapata kwenye tyubu za baiskeli, za mikokoteni, za matrekta, hata siku moja kwenye mpira wa miguu wa watoto wa shule, sasa ana tundu nyumbani kwake na halioni. Njia yake ilikuwa moja: tia upepo, zamisha, tazama mapovu. Utalizamisha vipi bwawa? Alijaribu kuinama atazame kama maji yanazunguka mahali. Alitupa majani makavu aone yanavutwa wapi. Hatimaye, siku ya nne mchana kweupe, alilala kifudifudi kwenye majani, sikio limegusa mpira ukingoni, akisikiliza. Mwashi alipanda juu ya tofali kwake akauliza kwa upole kama amwite daktari.

Ndani ya nyumba, jani jingine la yungiyungi lilikuwa limegeuka njano. Mama Posta hakumwonyesha. Kiraka aliliona mwenyewe alipokwenda kutafuta viatu, na moyo wake ukashuka, maana aliona wazi kwamba kwa mara ya pili yeye ndiye atakayeua yungiyungi, na safari hii kwa juhudi.

Alirudi bustanini akakaa kwenye jiwe. Baadaye kidogo mkewe akaja na kiti chake, akakiweka upande wa pili wa bwawa, akakaa. Kisha Mama Posta akaanza kumwuliza maswali, kwa ile sauti yake ya dirishani, kama anayemsaidia mteja kukumbuka kifurushi alikituma lini.

"Tyubu ikiwa ndani ya tairi, upepo unasukuma kwenda wapi?"

"Nje."

"Na kiraka kiko wapi?"

"Nje pia. Lakini nje yake kuna tairi, gumu, linakikandamiza. Kiraka hakina pa kwenda."

"Na hapa, maji yanasukuma kwenda wapi?"

"Chini."

"Viraka umeviweka wapi?"

Kiraka akautazama ule weusi safi aliojivunia. Chini ya viraka hakukuwa na tairi. Kulikuwa na magunia na mchanga laini, alioutandika kwa mikono yake mwenyewe, na maji yalikuwa yanapenya kila tundu la zamani na kukibandua kiraka taratibu kutoka nyuma, bila haraka, usiku na mchana.

"Chini," akasema.

"Kwa nini chini? Wewe?"

Kwa namna alivyolitamka hilo "wewe", Kiraka aliona aibu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na sifa. Akamwambia ukweli. Kwamba vilikuwa vingi na vibaya. Kwamba alitaka mkewe akitoka asubuhi aone maji tu, asione viraka.

Mama Posta alipanga mikono yake mapajani, mmoja juu ya mwingine.

"Mimi nilikwambia sitaki tyubu uani," alisema. "Viraka sikuvitaja. Viraka ndivyo vilivyosomesha watoto wangu. Vigeuze juu, nivione."

Kiraka aliinuka akaenda kutafuta ndoo, na alichelewa kidogo kuipata kuliko ilivyohitajika.

Waliyatoa maji kwa ndoo, wakamwagilia mpera mpaka ukashiba. Mwashi aliitwa, na kwa kuwa aliitwa kama jirani badala ya kuitwa pamoja na saruji yake, alikuja mbio. Watu watatu wazima walilinyanyua tandiko lile, mmoja akivuta huku na mwingine akivuta kule, Mama Posta akitoa amri kutoka kona ya tatu, wakaligeuza na kulilaza juu ya majani. Viraka sita vilikuwa vimeachia. Kiraka akavibandua vyote sita, akapiga msasa upya, gundi, subira, kisigino.

Alipokuwa anakata viraka vipya, Mama Posta alisimama nyuma yake. Alikuwa anatazama kitu alichokuwa akikitumia kuchorea mviringo: kifuniko cha bati, kimesuguliwa mpaka maandishi yamefutika, kilichobaki ni ua moja dogo katikati.

"Hicho ni kifuniko cha kopo langu la mafuta."

Kiraka akakigeuzageuza kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Akasema kinaweza kuwa ndicho.

"Nilimshuku mdogo wangu," alisema Mama Posta. "Miaka ishirini. Alikuja kunitembelea, akaondoka, nikakitafuta nikakikosa. Sikumwambia, lakini nilimshuku."

Akaanza kucheka. Alicheka akaketi chini kwenye majani, kitu ambacho magoti yake hayakukifanya kwa miaka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya kucheka machozi yakawa machozi kweli, kisha yakarudi tena kuwa kicheko. Mwashi akageuka kuutazama mpera kwa makini sana. Kiraka hakujua afanye nini na mikono yake, ina gundi, kwa hiyo aliketi karibu naye bega kwa bega mpaka ikapita. Mama Posta akajifuta kwa ncha ya khanga, akamwambia aendelee, gundi isikauke.

Safari hii viraka vilitazama juu, vyote kumi na tisa, vya ukubwa mmoja, na maji yalipojaa yalivikalia kwa uzito wake wote. Kijiti kikasimikwa upya. Siku ya kwanza ndoo ilishuka upana wa kucha, bwawa upana wa kucha. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu Mama Posta alisema siku saba zilikuwa za bwawa lile jingine, hili analijua, akaingia chumbani, akaliita jina la mumewe.

Walilibeba beseni pamoja, kila mmoja amelishika upande wake, wakipita mlangoni kimshazari. Shina walilipanda kwenye kikapu chenye udongo mzito na changarawe juu, ncha iliyobonyea imekatwa kwa kile kile kisu cha tyubu, kimechemshwa kwanza kwa amri ya mkubwa. Wakalishusha. Likazama, likatulia, na majani yake machache yaliyochoka yakapanda juu moja moja. Kwa siku tisa hakukuwa na jipya. Siku ya kumi jani jekundu lililojikunja lilichomoza kutoka chini, na baada ya siku mbili likafunguka juu ya maji, pana kama kiganja cha mtu mzima. Likaja jingine. Ukisimama upande wa mpera ilibidi utazame vizuri kujua lipi ni jani na kipi ni kiraka. Mama Posta alihamishia kiti chake upande huo, kikabaki huko huko.

Asubuhi moja Kiraka alikwenda kutafuta viatu na akaenda moja kwa moja, hakuna cha kuzunguka. Alisimama pale kidogo, mguu mmoja umevaa soksi, akifurahia sakafu.

Wiki hiyo hiyo yule jirani wa baiskeli akapita tena, gurudumu lile lile, akisita getini kama mtu aliyesikia habari. Kiraka akatazama uani, kisha akamtazama mkewe aliyekaa kwenye kiti chake, kisha akamwambia jirani kwa unyonge kwamba siku hizi hana beseni.

Mama Posta akainuka. Akaingia ndani, wakamsikia akisogeza kiti na kupapasa juu ya kabati. Akatoka na lile beseni, lile alilolisugua na kulifunika siku ile, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akalijaza maji bombani mwenyewe, akaliweka miguuni pa mumewe. Juu ya maji akamwaga sabuni ya unga, kijiko kimoja.

"Hili ni lako," akasema, akarudi kukaa karibu na bwawa.

Kiraka akakunja mikono ya shati na kuizamisha tyubu.